Gari Likiacha Njia Maasai Mara, Amri ya Kulisimamisha Ni ya Nani?

Dereva wa watalii aliyelala kambini kaskazini mwa Maasai Mara anaweza, kabla jua halijafika utosini, kupita katika mamlaka tatu. Alfajiri yuko kwenye hifadhi ya jamii, ardhi ya familia za Wamaasai walioikodisha kwa kambi za kitalii, na askari anaokutana nao wameajiriwa na hifadhi hiyo. Saa mbili amepita lango na kuingia katika hifadhi kuu, iliyo chini ya Serikali ya Kaunti ya Narok. Hapo askari ni wa kaunti. Akivuka Mto Mara kwenye daraja la Purungat anaingia Pembetatu ya Mara, ambayo nayo ni ya kaunti lakini tangu 2001 inaendeshwa kwa mkataba na Mara Conservancy, shirika lisilotafuta faida. Kusini kwake, ng'ambo ya mpaka, ni Serengeti, na huko mwenye sauti ni TANAPA, shirika la hifadhi za taifa la Tanzania.

Nyasi ni zilezile na duma ni yuleyule. Kinachobadilika ni nani anaweza kulisimamisha gari lililoacha njia, na anaweza kulifanya nini akishalisimamisha. Kila msimu wa nyumbu unapofika, video za magari yaliyozingira wanyama husambaa mitandaoni na watu hudai sheria kali zaidi. Naamini tunadai kitu ambacho tayari tunacho. Kanuni za Mara zinaeleweka hata na mtoto wa shule: usiache njia iliyowekwa, usimsogelee mnyama chini ya mita 25, magari yasizidi matano mbele ya mnyama mmoja, na kama wengine wanangoja ukae dakika kumi kisha uwapishe. Tunachokosa ni mamlaka inayoanza kwa askari aliye nyikani na kufika hadi kwa mwenye kampuni bila kukatika katikati.

Kuna watu, wakiwemo baadhi ya wenye kampuni, wanaoliona suala hili kama la adabu tu: magari yakirundikana picha zinaharibika na wageni wanalalamika. Hasara yenyewe iko ardhini. Sehemu kubwa ya uwanda wa Mara ni udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaopasuka kiangazi na kugeuka utelezi mvua ikinyesha. Gari zito likipita juu yake wakati wa mvua linaacha mfereji wa magurudumu. Gari la pili linaukwepa mfereji huo na kuchonga wake, la tatu vivyo hivyo, na baada ya wiki chache njia moja imezaa njia nne au tano zinazokwenda sambamba. Mvua inayofuata haitawanyiki tena kwenye nyasi, inafuata mifereji na kuondoka na udongo. Ndege wa uwandani wanaotaga chini hupoteza mayai bila dereva hata kujua alikanyaga nini.

Duma ndiye anayelipa zaidi. Utafiti wa Femke Broekhuis uliofanyika Mara na kuchapishwa 2018 ulilinganisha majike wa duma wanaoishi kwenye maeneo yenye watalii wengi na wale wa maeneo yenye watalii wachache. Wa kwanza walifanikiwa kulea wastani wa watoto 0.2 kwa kila uzao hadi kujitegemea. Wa pili walilea 2.3. Hakuna anayesema kila mtoto alipotea kwa sababu ya gurudumu fulani, lakini jinsi mambo yanavyokwenda si siri kwa anayemjua mnyama huyu. Duma huwinda mchana, kwa macho, kwenye uwazi. Magari kumi yakimfuata, swala wanashtuka mapema, windo linaharibika na watoto wanalala njaa. Akiua, msururu wa magari unawaonyesha fisi na simba mahali nyama ilipo. Na ili kumfuata duma sharti uache njia, kwa maana duma hafuati barabara.

Basi askari anaona Land Cruiser katikati ya uwanda, mita mia tatu kutoka njia ya karibu. Anafanya nini?

Hapa historia inaingia. Mara haikuwahi kuwa mbuga ya taifa kama Tsavo au Nakuru. Ilianza kama hifadhi ya wanyama, na tangu 1961 imekuwa mikononi mwa serikali ya wenyeji, kwanza baraza la Narok, kisha katika miaka ya 1990 sehemu ya magharibi ikaenda kwa baraza jipya la Trans Mara, na ugatuzi ulipoanza 2013 vyote viwili vikarudi kuwa kaunti moja. Sheria ya wanyamapori ya 2013 inatenganisha mbuga za taifa zinazoendeshwa na KWS, shirika la wanyamapori la serikali ya kitaifa, na hifadhi za taifa zinazoendeshwa na kaunti. Ila Katiba, kwenye Jedwali la Nne, inasema ulinzi wa wanyamapori ni kazi ya serikali ya kitaifa, na inaipa kaunti utalii wa mahali pake. Kwa hiyo duma ni wa Nairobi, njia anayoivuka ni ya Narok, na dereva anayemfuata ana leseni iliyotolewa chini ya Sheria ya Utalii ya 2011, ambayo ni ya Nairobi tena.

Askari wa kaunti anaweza kulisimamisha gari, kuandika namba yake, kulitoza faini na kulitoa nje ya hifadhi. Kwa miaka mingi faini inayotajwa kwa kuacha njia imekuwa shilingi 10,000. Akitaka kwenda mbali zaidi, kumfikisha dereva mahakamani, kesi inatoka mkononi mwake. Mashtaka ya jinai nchini Kenya yako chini ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, na mahakama ziko Narok mjini au Kilgoris, mbali na uwanda. Shahidi mkuu ni mgeni atakayepanda ndege kesho kutwa. Nani atafunga safari hiyo kwa ajili ya alama za magurudumu? Ndiyo maana kila mtu, askari na dereva, anapendelea imalizike pale pale.

Na ikiisha pale pale, tazama hesabu yake. Kuanzia Julai hadi Desemba, mtu mzima asiye mkazi wa Afrika Mashariki hulipa dola 200 kuingia Mara kwa saa kumi na mbili. Gari la wageni sita limelipa dola 1,200 kabla injini haijapoa. Faini ya shilingi 10,000 haifiki dola 80. Ikigawanywa kwa wageni sita ni kama bei ya chakula cha mchana, na ninajua wapo wageni wanaosema wazi, "Nenda tu, tutailipa sisi." Kiingilio kilipopandishwa 2024 tuliambiwa kitapunguza msongamano. Huenda kimewapunguza watu kidogo, lakini kimemwongezea dereva shinikizo. Aliyelipa dola 200 kwa siku moja anataka chui leo, na anamtaka karibu.

Ningependa tumfikirie dereva huyu kwa haki. Mshahara wake mara nyingi ni mdogo, na kinachomlisha ni bahashishi. Kwenye redio ya gari anasikia mwenzake amepata duma mwenye watoto, wageni nyuma wanasikia, na bosi Nairobi atasoma maoni yao kwenye intaneti jioni ileile. Akikataa kuacha njia na gari la jirani likaacha, wageni watauliza kwa nini wale wanaona na wao hawaoni. Faini inampiga mtu ambaye ndiye mwenye uwezo mdogo zaidi wa kukataa. Kampuni iliyomtuma haipo pale. Kambi iliyouza "tutakufikisha karibu na simba" haipo pale. Mamlaka yetu yote ya kutekeleza sheria yanaishia kwenye dirisha la dereva, na hilo ndilo kosa kubwa la mfumo huu.

Mfano ulio bora hauko mbali. Uko ng'ambo ya lango, kwenye hifadhi za jamii kama Naboisho, Olare Motorogi na Mara North. Huko kuacha njia kunaruhusiwa kwa masharti, jambo linalowashangaza wengi, kwamba sehemu zenye ruhusa zaidi ndizo mara nyingi zenye utulivu zaidi. Sababu moja ni uchache wa magari, maana idadi ya vitanda imewekewa mpaka. Sababu nyingine, ambayo kwangu ina uzito kuliko ya kwanza, ni asili ya mamlaka yenyewe. Askari wa hifadhi ya jamii hana nguvu nyingi kisheria. Hana mahakama nyuma yake. Ana mwenye ardhi nyuma yake. Kambi iko pale kwa mkataba, na kuvunja kanuni ni kuvunja mkataba. Dereva akikosea, anayeitwa kujieleza ni meneja wa kambi, na meneja anajua kwamba wenye ardhi wakichoka naye biashara nzima imo hatarini. Hapo ndipo dereva anapopata kinga: anaweza kumwambia mgeni kwa uso mkavu kwamba akisogea zaidi kambi itaadhibiwa, na bosi wake atamuunga mkono.

Kaunti ya Narok haihitaji kungoja Bunge ili kuiga hilo. Kila kampuni inayoingiza gari Mara inaingia kwa tiketi na kwa masharti. Kila kambi ndani ya hifadhi iko kwa makubaliano na kaunti. Askari akiandika kosa, deni liende kwa kampuni yenye gari, na likae kwenye akaunti ya kampuni hadi lilipwe kabla gari lake lingine lolote halijapita lango lolote. Kosa la pili ndani ya msimu liwe kubwa mara kadhaa. La tatu, magari yote ya kampuni yangoje nje kwa muda. Fedha taslimu zisipite mkononi mwa askari hata kidogo. Nasema hivi kwa sababu faini inayolipwa kichakani kati ya watu wawili, bila karatasi, ni mlango wa hongo hata askari akiwa mwadilifu, na pia inamvunjia askari huyo heshima, kwa kuwa kila anayemwona akizungumza na dereva anadhani wanapatana bei.

Wapo wanaosema dawa ni kuipa KWS hifadhi nzima. Hoja yao si ya kubeza. KWS ina mafunzo, ina silaha, ina wapelelezi na ina uzoefu wa kupeleka kesi mahakamani. Kaunti, kwa upande mwingine, ndiyo inayokusanya kiingilio, na anayekula kwa wingi wa magari huona ugumu kuyarudisha magari. Hilo ni kweli na linaumiza. Hata hivyo siafiki. Amboseli imetufundisha jinsi vita vya nani amiliki hifadhi vinavyoweza kula miaka bila mnyama kufaidika: 2005 serikali ilijaribu kuishusha kutoka mbuga ya taifa na kuirudisha kwa wenyeji, mahakama ikabatilisha, na 2023 ahadi ya kuirudisha kwa Kaunti ya Kajiado ikatolewa upya. Wakati wanasheria wanavutana, magari yanaendelea kuchonga uwanda. Tena askari wa Narok wengi ni watoto wa pale pale. Wanajua lugga gani, yaani korongo la msimu, haivukiki Aprili, wanawajua madereva kwa majina, na wana ndugu ambao riziki yao inategemea uwanda huo. Kumwondoa mtu kama huyo na kumleta mwingine kwa uhamisho wa miaka mitatu ni kupoteza maarifa ambayo hayapatikani chuoni.

Suala la kaunti kuwa mkusanyaji na msimamizi kwa wakati mmoja lina jibu jingine. Pembetatu ya Mara ni ya kaunti ileile, lakini anayesimamia nidhamu ya kila siku ni shirika lenye mkataba wa kazi hiyo. Mgawanyo huo wa kazi umedumu zaidi ya miaka ishirini, umevuka kutoka baraza la zamani hadi serikali ya kaunti, na madereva wenyewe wanajua kwamba upande ule wa mto mtu hukamatwa. Sina haja ya kuona Mara Conservancy ikipewa hifadhi yote. Ninachotaka ni kanuni ya kutenganisha kazi: askari anayeandika kosa asiwe chini ya ofisi inayopimwa kwa mapato ya lango.

Tanzania imechagua njia iliyonyooka zaidi. Askari wa TANAPA wako ndani ya Jeshi la Uhifadhi, wana vyeo, amri na sheria moja kutoka juu hadi chini, na ndani ya Serengeti hakuna ubishi kuhusu nani mwenye mamlaka. Hata huko, lakini, mpaka unatatiza. Uwanda wa Ndutu umegawanyika kati ya Serengeti na Hifadhi ya Ngorongoro, ambayo ina mamlaka yake. Kwa miaka mingi upande wa Ngorongoro magari yameruhusiwa kuacha njia kwa masharti nyumbu wanapozaa, ilhali upande wa Serengeti ni marufuku. Mstari huo hauonekani kwa macho. Duma akihama mita mia mbili, kilichokuwa halali kinakuwa kosa. Na Julai 2025 tuliona kwamba amri moja peke yake haitoshi: picha za watalii walioshuka magarini na kuwazibia nyumbu njia kwenye kivuko cha Mto Mara, ndani ya Serengeti, zilizunguka dunia, TANAPA ikalaani na kuahidi hatua. Haukupita muda mrefu na upande wa Kenya nao ukawa na aibu yake, na aliyejitokeza kutoa maelekezo kwa kampuni na waongozaji ni Wizara ya Utalii na Wanyamapori, ingawa lango, askari na faini ni vya Narok. Waziri alikuwa sahihi kusema. Ila ukiwa dereva uliyesikia, ungejiuliza agizo hilo litatekelezwa na nani kesho asubuhi kivukoni.

Wamarekani waliligusa swali hili mapema, kwa ardhi zao za umma ambako pikipiki na magari ya burudani yalikuwa yakichana jangwa na misitu. Amri ya Rais Nixon ya 1972 ilizitaka idara za ardhi ziamue wapi magari hayo yaruhusiwe na wapi yakatazwe. Mwaka 1977 Rais Carter akaongeza kitu ambacho naona sisi tunakihitaji kuliko faini: idara ikibaini kwamba magari yanaharibu vibaya udongo, mimea au wanyama mahali fulani, ipafunge mara moja mpaka uharibifu ukome. Kwenye misitu yao ya taifa wameligawa pia jukumu kwa ngazi. Wapo askari kamili wenye bunduki na uwezo wa kukamata, na wapo watumishi wa kawaida wa msitu waliofunzwa na kupewa kibali cha kuandika makosa madogo, bila silaha. Mwenye kibali hicho hahitaji kumngoja mkubwa kwa kosa la njia.

Hapo naona nafasi ya askari wetu wa jamii na hata waongozaji wakuu. Leo hii waongozaji wa Kenya wana chama chao, KPSGA, chenye mitihani ya ngazi za shaba, fedha na dhahabu. Mwongozaji wa dhahabu anaweza kuwa amekaa Mara nusu ya umri wake. Je, apewe uwezo wa kumtoza faini mwenzake? Hapana. Ushindani ni mkali mno na visasi vingefuata jioni hiyohiyo. Lakini ripoti yake iliyoandikwa na kutiwa saini, yenye namba ya gari, saa na mahali, iwe na uzito wa kumlazimu askari kuifungulia jalada. Vivyo hivyo kwa video ya mgeni. Simu imekuwa shahidi mzuri Mara kuliko chombo kingine chochote. Ila shahidi akigeuzwa hakimu tunapata tuliyokwisha kuyaona: dereva mmoja anatukanwa na dunia nzima kwa wiki moja, jina la kampuni linakatwa kwenye picha, na wiki ya pili kampuni inatuma dereva mwingine.

Na askari mkuu wa zamu apewe uwezo wa Carter. Akiona duma mwenye watoto wachanga amezingirwa siku tatu mfululizo, afunge eneo lile asubuhi hiyo kwa redio, bila kuandika barua Narok na kungoja kikao. Magari yatakwenda kwingine, na Mara ni pana, kilomita za mraba zipatazo 1,500.

Kinachobaki ni leseni, na hapa serikali ya kitaifa ndiyo yenye ufunguo. Dereva akifukuzwa Pembetatu kwa kurudia kosa, hakuna cha kumzuia kuvuka daraja na kuendelea upande wa pili kama taarifa haikuvuka pamoja naye. Mwaka ujao leseni yake na ya kampuni vitafika mezani Nairobi kuhuishwa. Afisa wa mamlaka ya utalii aliye kwenye meza hiyo anaangalia bima, kodi na stakabadhi. Awe na karatasi moja zaidi mbele yake: orodha ya makosa iliyotoka Narok, Pembetatu, hifadhi za jamii na mbuga za KWS, kwa namba ya gari, jina la dereva na jina la kampuni. Asihuishe leseni ya kampuni yenye madeni ya faini au yenye magari yaliyotolewa nje zaidi ya idadi iliyokubaliwa. Kazi hiyo haihitaji askari mpya hata mmoja. Inahitaji wasimamizi hao wote zikiwemo hifadhi za jamii wakubali kuandika kwenye daftari moja, na ifanyike kabla ya nyumbu kuanza kuvuka tena Julai.